Hedifoni: sauti nzuri, waya je?

Mnunuzi wa hedifoni za bei nafuu huvutwa kwanza na sauti. Ni haki yake, lakini kinachomrudisha dukani mara nyingi ni waya na sponji.

Chukua Sony MDR-7506, iliyoingia sokoni mwaka 1991 na ambayo bado hutumika studio na katika vituo vya redio. Sauti yake ni safi, na bei yake Marekani ni kama dola 100. Hata hivyo waya wake hauchomoki. Ukikatika, fundi hana budi kuifungua na kulehemu. Ngozi ya sponji nayo hubanduka vipande vipande, ingawa sponji mpya huvalishwa kwa dakika chache.

Audio-Technica ilipotoa ATH-M50x mwaka 2014 iliiwekea waya wa kuchomoa. Waya ukifa, unanunua waya tu. Bei yake iko juu zaidi, na besi yake, kwa sikio langu, imezidi kidogo. Ila kwa mtu anayesafiri nayo kila siku, tofauti hiyo ya bei ni halali.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anazo sponji na waya wa akiba, na kwa bei gani.