Tone la jicho na njia ya damu

Mgonjwa wa glakoma akitia dawa hasikii nafuu yoyote. Jicho halikuwa likimuuma, na uoni wa pembeni uliokwisha kupotea haurudi. Ni kazi kumshawishi mtu anunue dawa hiyo maisha yake yote, sembuse Sake, mji wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ambao vita vya Februari 2024 viliwakimbiza wakazi wake wengi kuelekea Goma, kilomita kama 25, kabla ya waasi wa M23 kuuteka Januari 2025.

Basi tone lafanya nini? Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka bila kukoma. Yakikosa njia, tansio ya jicho hupanda. Huko nyuma, kwenye mshipa wa fahamu wa kuona, damu hupita kwa sababu tu msukumo wake unaushinda ule wa jicho. Timololi, dawa ya tangu miaka ya 1970, hupunguza maji yanayotengenezwa. Latanoprosti huyafungulia njia. Jicho likilegea, damu inapata pa kupita.

Ila timololi haikai jichoni tu. Hushuka na mfereji wa machozi hadi puani, ikaingia mwilini na kupunguza mapigo ya moyo, pengine na tansio ya damu. Usiku tansio hiyo hushuka yenyewe. Kwa anayemeza pia vidonge vya presha, yaweza kushuka mno na jicho likakosa damu ileile tuliyoitafutia njia. Amweleze daktari. Mwenye pumu asiiguse kabisa. Kufumba jicho na kubana kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili tatu huzuia sehemu kubwa ya hayo, wala hakugharimu hata franga.

Dorzolamidi, tone jingine la glakoma, husifiwa kwamba huongeza kasi ya damu nyuma ya jicho. Vipimo kadhaa vimeonyesha hivyo. Kwamba kasi hiyo yenyewe huokoa uoni, haijathibitishwa. Singemtaka mtu wa Sake alipe zaidi kwa hoja hiyo.

Matokeo ya utafiti wa Moshi, Tanzania, yana uzito zaidi. Watafiti katika hospitali ya KCMC mjini humo walilinganisha timololi na leza inayofungua njia ya maji, wakachapisha matokeo 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu katika asilimia 61 ya macho, timololi 31. Mashine ni ghali na inataka daktari aliyefunzwa. Lakini aliyetibiwa nayo akafanikiwa anaweza kukaa miezi bila kuifuata chupa ya dawa Goma, barabara iwe wazi au imefungwa. Kinachobaki ni kurudi kupimwa, maana nguvu ya leza nayo hufifia.