Simu Mpya, Ufunguo kwa Bwana wa Zamani

Hakuna raha kama kufungua boksi la simu mpya. Yangu niliichukua Kariakoo Jumamosi moja, nikapanda daladala nimeikumbatia kama kichanga. Nyumbani nikaiwasha, nikaandika barua pepe na paswedi, vyote sahihi. Ikanijibu: tumetuma namba sita za uthibitisho kwenye laini inayoishia na 47.

47 ya nani tena? Loh! Ya jamaa niliyeachana naye miaka miwili nyuma. Ndiye aliyenifungulia ile akaunti enzi za mapenzi motomoto, akaweka laini yake "ili usisumbuke". Nami nikajiona nimepata mwanaume anayejali. Simu ya zamani nilishaiuza, tena nikiwa nimefuta kila kitu. Vyeti, picha za marehemu mama, barua ya kuitwa kwenye usaili wa Jumatatu, vyote vilikuwa humo kwenye akaunti.

Nikameza mate, nikapiga. Akapokea mwanamke.

"Samahani dada, kuna meseji ya namba sita imeingia hapo, naomba unisomee."

"We nani, na namba zako zinatafuta nini kwa mume wangu?"

Akakata. Simlaumu, maana matapeli nao huomba namba hivyo hivyo.

Jamaa mwenyewe alinipigia Jumapili usiku, ananong'ona kama yuko chooni. Zile namba zilishakwisha muda, ikabidi zitumwe nyingine, akanisomea. Nikaingia, nikaifuta laini yake palepale. Ndipo nikapatwa na baridi: miaka miwili yote hiyo, angebofya tu "nimesahau paswedi", na namba zingemfuata yeye. Kama aliwahi kujaribu, sikuthubutu kumuuliza.

Kwa hiyo kabla hujauza simu ya zamani, angalia kwanza namba zako za uthibitisho zinakwenda kwa nani. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi. WhatsApp ukisahau ile PIN yake na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7. Na laini je? Hapa Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kama iko kwa jina la mwenzako, siku ikipotea utakitafuta kidole chake.

Huyu niliye naye sasa juzi kaniuliza mbona simpi paswedi. Nimemmiminia chai.