Sufu si sufi, na 'supa' si ubora

MUUZAJI wa mitumba mjini Wang'uru akikuambia, "Mwalimu, hii suti ni sufi tupu, tena supa 150," jua kwamba kakupa maneno mawili ya kuchunguzwa kabla hujatoa pesa.

La kwanza ni sufi. Hiyo ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, inayotiwa kwenye mito na magodoro. Haifumiwi suti. Manyoya ya kondoo ni sufu, neno tulilolipata kwa Waarabu. Zimepishana irabu moja tu, lakini hiyo ni tofauti ya mti na mnyama.

La pili ndilo linalokula pesa za watu, hasa vijana wanaonunua suti ya kwanza ya harusi au ya mahojiano ya kazi. Wengi huisoma namba ya supa kama alama za mtihani: 150 imeishinda 100. Sivyo. Namba hiyo hupima wembamba wa unyoya, basi. Asili yake ni Bradford, Uingereza, ambako wafanyabiashara walikadiria ni mafungu mangapi ya uzi, kila fungu yadi 560, yangesokotwa kutokana na ratili moja ya sufu. Kadiri unyoya ulivyokuwa mwembamba, ndivyo mafungu yalivyozidi. Siku hizi hutumika mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la sufu, IWTO, supa 100 haipaswi kuzidi mikroni 18.75, na supa 150 isizidi 16.25.

Unyoya mwembamba huwa laini mkononi, ni kweli. Lakini hukatika upesi, na nguo yake hujikunja ovyo. Anayepanda matatu kila asubuhi kisha akashinda kitini ataiona supa 150 ikichakaa mapajani mapema; supa 100 iliyosokotwa vizuri itamfaa zaidi. Ubora umo pia katika urefu wa unyoya, msokoto wa uzi na ufumaji wenyewe, mambo ambayo namba ya supa haiyagusi. Na kwa joto la Mwea, tafuta kitambaa chepesi kinachopitisha upepo. (Wenzetu wa Nanyuki na baridi yao wana hesabu nyingine.) Kwa hiyo wanaoandika matangazo wangetutendea haki wakisema "wembamba wa supa 150", si "ubora".

Isitoshe, kwa kanuni hizo hizo, supa ni neno la sufu halisi. Likishonewa kwenye poliesta ni pambo tu. Fumbata mkono wa koti kiganjani, kisha uachie: sufu hujinyosha. Ukiona uzi unaning'inia pindoni, uchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha jivu linalopondeka; poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Ila umwombe ruhusa mwenye kibanda kwanza, bana!