Namna Vikundi vya Wanaoacha Ulevi Vinavyoweza Kukabili Hisia Nzito

Malampaka, katika Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, ni mji mdogo ulio kando ya reli iendayo Mwanza, katikati ya wakulima wa pamba. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mikononi mwa wengi kwa mkupuo. Kwa anayejitahidi kuacha pombe, hicho ni kipindi cha majaribu. Hata hivyo, si fedha pekee zinazomrudisha kilabuni. Mara nyingi hutangulia hasira ya deni lisilolipwa, aibu ya aliyoyatenda akiwa amelewa, au majonzi ya msiba.

Pombe huzituliza hisia hizo kwa muda tu. Mtu anapoiacha, hisia hurejea naye hana tena kinga aliyoizoea. Ndiyo maana huduma za uraibu nchini haziishii kwenye dawa. Kliniki ya methadoni iliyoanzishwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 kwa waraibu wa heroini huambatanisha dawa na unasihi, na katika nyumba za upataji nafuu, Zanzibar na Tanzania Bara, waraibu huketi pamoja na kuelezana yanayowasibu.

Kikundi cha namna hiyo kinaweza kukutana hata chini ya mwembe, ilimradi kiwe na kanuni. Kwanza, yanayosemwa kikaoni yabaki kikaoni. Pili, kila mmoja aitaje hisia yake kwa jina. Anayesema "nina hasira" amekwisha kuanza kuitawala. Tatu, wasikilizaji wasimkatize wala kumhukumu. Nne, mwenye hasira apewe nafasi ya kusema, lakini asimtukane mwenzake. Mambo yakichemka, msimamizi asitishe kikao kwa dakika chache. Aidha, tamaa ya kunywa inapomjia mtu, ajiulize iwapo ana njaa, hasira, upweke au uchovu, kisha ashughulikie hilo kwanza.

Mtihani mkubwa zaidi huja mwanakikundi anaporudia kunywa. Wenzake huona wamesalitiwa. Lakini kumzomea au kumfukuza huongeza aibu ileile inayomsukuma kunywa. Inafaa apokewe, kisha aulizwe taratibu ni jambo gani lililotangulia.

Kikundi, hata hivyo, si mbadala wa matibabu. Aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona mtaalamu wa afya, kwani anaweza kupata mtetemeko, degedege au kuchanganyikiwa, hali zinazoweza kuhatarisha maisha. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Asindikizwe mara moja hadi kituo cha afya kilicho karibu. Kwa masuala ya dawa za kulevya, mwananchi anaweza kupiga simu bila malipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.