Farasi wa Moshi

Washa dawa ya mbu ya kuchoma katika chumba kisicho na upepo, uutazame moshi wake. Uzi mwembamba unapanda wima shubiri moja au mbili, mara unayumba, unajikunja, unakatika kuwa visulisuli. Sasa mwongozaji wa filamu akuambie anataka moshi huo ugeuke farasi, akimbie, kisha atoweke. Kuuiga moshi ni kazi. Kuuamrisha bila mtazamaji kuiona fimbo ni kazi zaidi.

Kompyuta huigawa hewa katika visanduku. Mia kwa urefu, mia kwa upana, mia kwa kimo, na tayari unavyo 1,000,000. Kila kimoja hutunza kasi ya hewa na wingi wa moshi. Awali programu zilizisukuma namba hizo mbele hatua kwa hatua, na hatua ikirefushwa mno, namba zilifumuka na picha ikaharibika. Mwaka 1999 mtafiti Jos Stam aliligeuza swali. Kisanduku kisiulize moshi wake unakwenda wapi, kiulize uliokifikia umetoka wapi. Kinarudi kinyume cha upepo hadi mahali hapo na kuchukua wastani wa majirani. Wastani hauwezi kuizidi namba kubwa kati ya zilizouzaa, basi hesabu haifumuki. Kwangu mimi, huu ndio ujanja mzuri kuliko yote katika fani hii.

Ila wastani juu ya wastani hulainisha. Moshi ulikuwa mzito kama uji, visulisuli vikafa. Mwaka 2001 Stam, Ronald Fedkiw na Henrik Wann Jensen waliazima mbinu ya John Steinhoff: tafuta hewa inapozunguka, uichochee kidogo isitulie.

Na farasi? Mwaka 2003 Adrien Treuille na wenzake walimwachia msanii achore umbo analolitaka, kompyuta ikatafuta msukumo mdogo kabisa wa kuufikisha moshi hapo. Ilifanikiwa kwa jasho, maana igizo lilirudiwa mara nyingi. Mwaka uliofuata Raanan Fattal na Dani Lischinski waliachana na kutafuta. Waliufifisha mchoro hadi kingo zake zikawa ukungu, kisha moshi ukavutwa kuelekea ukungu ulipo mzito. Wakaongeza hesabu ya kuukusanya moshi uliotawanyika, kitu ambacho moshi wa dawa ya mbu haufanyi kamwe.

Bado kuna kero moja. Msanii hujaribu kwa visanduku vichache ili aone matokeo upesi, mwongozaji akaridhika. Visanduku vikiongezwa ili picha ing'are, moshi hushika njia nyingine kabisa. Mwaka 2008 Theodore Kim na wenzake walipendekeza kuuacha mwendo mkubwa ulivyo na kupachika visulisuli vidogo juu yake. Mwaka 2013 kazi hiyo iliwapatia tuzo ya ufundi ya Oscar.