Keekee butu huwatia hasara wachapishaji

KUTOBOA karatasi huonekana kuwa kazi ndogo, lakini kosa moja katika hatua hiyo ya mwisho laweza kuharibu rimu nzima ambayo tayari imegharimu wino na muda.

Panchi ya kawaida ya ofisini hutoboa karatasi chache tu kwa mara moja. Mashine ya keekee hupenya bunda lenye unene wa sentimita 5, yaani takriban karatasi 500 za kawaida, kwa mpigo mmoja.

Keekee hiyo ni mrija wa chuma wenye makali ya mviringo chini. Inapozunguka, vipande vilivyokatwa hupanda ndani ya mrija na kutokea juu.

Makali yakiwa butu, msuguano huzidi, chuma hupata moto na karatasi hushikana kwenye matundu. Vipande vikiziba mrija, keekee yaweza kuvunjika. Ndiposa mafundi huinoa mara kwa mara, huipaka nta kidogo, na kuweka kadibodi chini ya bunda ili karatasi ya mwisho isiraruke.

Vipimo navyo havina mzaha. Kanuni ya kimataifa ya ISO 838 yataka matundu mawili yenye kipenyo cha milimita 6, yakitengana kwa milimita 80 kutoka kitovu hadi kitovu. Yakikosea, karatasi hazitaingia kwenye faili, na mteja atairudisha kazi.

Kwa hivyo, ni busara kujaribu kwanza kwa karatasi zilizotupwa, kabla ya kugusa kazi ya mteja.