Kunakili Faili kwa Robocopy

Kompyuta ya shule huhifadhi alama za mitihani katika diski yake. Diski hiyo ikiharibika, alama zote zaweza kupotea. Ndiyo sababu hunakiliwa katika diski ya pili.

Je, umeme ukikatika faili 300 kati ya 1,000 zikiwa zimekwisha kunakiliwa, itakulazimu kuanza upya? La, ukitumia Robocopy. Programu hii ya kunakili faili imo ndani ya Windows tangu toleo la Vista, lililotoka mwaka 2007. Huamriwa hivi:

robocopy C:\Alama D:\Alama /E

Folda inayotajwa kwanza ni ya asili. Ya pili ni ya nakala. Herufi E iliyo mwishoni huagiza kwamba folda zilizomo ndani nazo zinakiliwe. Ukirudia amri hiyo, Robocopy huziruka faili ambazo hazikubadilika. Ikishindwa kunakili faili moja, hungoja sekunde 30, kisha hujaribu tena, hata mara 1,000,000 usipoipunguzia idadi. Piga hesabu: kungoja huko peke yake ni karibu siku 347!

Sasa jihadhari na /MIR. Agizo hili huifanya nakala ifanane kabisa na asili: kisichokuwamo katika asili hufutwa katika nakala. Ukikosea ukatanguliza folda tupu, alama zitafutwa zote. Basi, kabla ya kutumia /MIR, ongeza /L mwishoni. Robocopy itaorodhesha faili ambazo ingezinakili na ambazo ingezifuta, bila kugusa hata moja. Isome orodha hiyo pamoja na mwalimu wako, ndipo uiondoe /L.